Mbuzi wa Mechi

Mimi sipendi mpira, na wanaoupenda ndio siwapendi kabisa. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu huko mbele. Nilipokuwa mwanafunzi chuoni hapa Lodwar nilikubali kuwa katibu wa klabu ya michezo kwa sababu moja tu: katibu alikabidhiwa ufunguo wa chumba chenye feni. Anayeijua Lodwar saa nane mchana atanielewa. Ningekubali hata kuwa katibu wa klabu ya wachawi, bora feni izunguke.

Kazi yenyewe ilikuwa barua. Barua ya kuomba uwanja, barua ya kuomba basi, barua ya kumwombea mchezaji ruhusa ya kukosa darasa. Naandika, mwalimu wa michezo anatia sahihi, napiga muhuri, naipeleka inakotakiwa. Mtoto wa darasa la sita angeiweza. Niliifanya huku nimeinua pua, maana niliona nimezungukwa na wajinga.

Na wajinga walikuwepo, hapo sirudi nyuma. Mwaka wangu wa mwisho, chuo kimoja cha kaunti jirani, kule juu Kapenguria kwenye baridi, kilikuwa kinashuka kuja kucheza nasi Jumamosi. Wenzangu walianza kuugua mwezi mzima kabla. Watu ambao hawajawahi kufika darasani kabla ya saa tatu wakawa wanaamka alfajiri kufanya mazoezi ya kushangilia. Si ya kucheza, jamani, ya kushangilia! Wasichana wa upishi wakachukua shuka la bweni, mali ya chuo, wakaandika kwa rangi ya mlango: KARIBUNI KABURINI. Rangi ikachuruzika, maneno hayakusomeka, wakachukua shuka la pili.

Kiongozi wao alikuwa mwanafunzi wa kuchomelea vyuma aliyejiita mwenyekiti wa mashabiki. Nani alimchagua, sijui mpaka leo. Alikuwa na filimbi shingoni na kofia ya babu yake yenye unyoya wa mbuni, na mpira hakuwahi kuugusa. Nimemwona kwa macho yangu akiukwepa ulipomjia. Huyo ndiye aliyekuwa akituhutubia kantini. "Hii si mpira, watu wangu! Hii ni maneno ya ng'ombe!" Basi kila mtu anakumbuka ng'ombe wa babu yake walioporwa wakapelekwa milimani wasirudi, utadhani wamefungiwa ndani ya goli la Kapenguria, na sisi tukitia mabao matatu watatoka na ndama zao. Mimi nimezaliwa Kaikor, nimechunga, najua ng'ombe ni nini. Hao wengi wao walimjulia kwenye supu.

Katika kelele zote hizo alikuwepo mtu mmoja tu ambaye mechi ile ilikuwa na maana kwake, naye ni kipa wetu. Alikuja kutoka Sudan Kusini akiwa mdogo, akakulia kambini Kakuma, ambako mama yake ana kibanda cha chai na mandazi. Kijana mrefu, mpole, anayebisha hodi hata kwenye mlango uliofunguliwa. Mwaka uliotangulia ilikuwa zamu yetu kwenda Kapenguria. Dakika za mwisho, bado hakuna bao, ukamjia mpira dhaifu unabingirika tu, ukapita katikati ya miguu yake. Tukafungwa moja bila.

Safari ya kurudi, mwenyekiti na kundi lake walimtungia wimbo: Mlango Wazi. Waliuimba kilomita na kilomita. Sauti moja huko nyuma ikaongeza kwamba mkimbizi hana uchungu na Turkana, na watu wakacheka. Hakuna aliyetaka kukaa naye, basi akaja kwenye kiti nilichokuwa nimeweka sanduku la dawa, akalipakata. Tulikuwa tumepita Lokichar aliponigeukia. "Dada," akasema, "mwaka ujao wanakuja kwetu. Nitaifuta hii."

Mwaka mzima aliitwa Mlango Wazi. Akiingia kantini, mtu anasimama na kutanua miguu. Yeye anapita, anachukua chai yake. Kila alfajiri alikuwa kwenye mchanga wa mto Turkwel pamoja na mlinzi wa lango la chuo, mzee huyo akiwa ametoka zamu. Mlinzi alikuwa mtu aliyechunga mbuzi maisha yake yote kabla ya kuvaa koti la kazi, hajasoma hata darasa moja, lakini mkono wake ulikuwa haukosei. Alimrushia kipa matunda makavu ya mkoma, yale magumu kama mawe, moja juu, moja chini, na kipa anayarukia mpaka vidole vinavimba. Ikafika mahali akawa hapitiki. Na mwenyekiti, bila haya hata kidogo, akamtungia wimbo mwingine: Ukuta. Ndivyo walivyo mashabiki, walichokitema jana leo wanakilamba.

Kipa hakudanganyika na wimbo. Alijua siku ya kwanza akifungwa wataurudia ule wa zamani. "Nataka kucheza hii moja tu," aliniambia. "Hawa hawa, hapa hapa, macho yao yakiona. Halafu kalas, dada. Jina lile litakufa." Kalas ni neno lake la Juba, maana yake imekwisha.

Siku nane kabla ya mechi upepo uling'oa paa la kibanda cha mama yake, akaomba ruhusa aende kulirudisha. Sasa, anayeishi kambini hasafiri bila kibali, na chake kilikuwa kinaisha wiki hiyo. Ili apewe kingine cha kurudia Lodwar ilibidi apeleke barua ya chuo yenye sahihi na muhuri, karatasi yenyewe, si picha ya simu. Kibali huchukua siku nzima kutoka. Hayo yote niliyajua, nilikuwa nimemwandikia barua kama hiyo kila muhula. Alisimama mlangoni kwangu na begi lake. "Dada katibu, barua yangu." Mwalimu wa michezo alikuwa amekwenda mazishini. "Nenda tu," nikamwambia. "Akirudi Jumatatu atatia sahihi, nami nitampa dereva wa gari la Kakuma akuletee." Akanishukuru mara mbili.

Jumatatu mwalimu alirudi, akatia sahihi. Nikapiga muhuri. Nikaitia barua kwenye faili la buluu ili niipeleke steji jioni, jua likipoa.

Jioni hiyo mwenyekiti akaniletea ujumbe wa watu sita. Walitaka niandike barua kwa wakubwa wa kaunti kuomba Ijumaa iwe siku ya mapumziko mji mzima, ili watu wajiandae kiroho. Kiroho! Niliwaandikia. Niliwaandikia barua ya kurasa mbili iliyojaa kejeli kiasi kwamba ningeionea fahari hata leo, na wao hawakung'amua, wakaitia sahihi kwa furaha. Nikaenda kuwasomea wenzangu bwenini, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Nilipokumbuka faili, magari ya Kakuma yalikuwa yameshaondoka.

Jumanne kipa akatuma ujumbe, ameanza kwa salamu ya Kiturkana. "Ejok dada. Barua imepanda gari?" Nikajibu: kesho. Jumanne hiyo kulikuwa na ugomvi kati ya wenye vuvuzela na wenye pembe za tandala, kila upande unadai ndio utakaoanza, na nilisimama dirishani kuutazama kama mtu aliyekwenda sinema. Jumatano akauliza tena. Nikajibu: kesho asubuhi. Sikuwa na nia mbaya, lazima niseme. Steji ilikuwa mwendo wa robo saa, jua linachoma, na feni ilikuwa inazunguka. Baada ya hapo simu yangu niliizima mlio, maana kundi la mashabiki lilikuwa linaingiza jumbe mia kwa siku, zote za kipuuzi.

Alhamisi ndipo walipochinja mbuzi.

Kwetu mbuzi husomwa. Akichinjwa, utumbo hutandazwa juu ya majani, na mwenye jicho huangalia njia za damu na madoa, akaeleza kama mvua iko njiani, kama adui yuko karibu, kama ni heri kuhama. Mambo mazito, ya watu wanaotegemea mifugo. Sasa hawa wangu walikuwa wanataka kujua matokeo ya mpira. Walibishana saa nzima kuhusu rangi ya mbuzi. Akapatikana mwekundu mwenye tumbo jeupe, akachinjwa nyuma ya karakana, na kwa kuwa katika chuo kizima hakukuwa na anayejua kusoma utumbo ila yule mlinzi wa lango, wakamtoa langoni na koti lake wakamchuchumalisha pale. Nilikwenda kutazama. Kichekesho kama hicho ningekikosaje?

Mlinzi alitandaza utumbo polepole. Mwenyekiti alikuwa amevua kofia, ameikumbatia. Watu walinyamaza, hata wa vuvuzela.

"Njia imefungwa," mlinzi akasema.

"Ya nani, mzee?"

"Kuna mtu amesimama. Anataka kupita, hapiti." Akafuata mshipa mmoja kwa kijiti. "Kinachomzuia hakiko kwake. Kiko hapa hapa, katikati yetu."

Wee! Kelele zilizopigwa pale zilifika mpaka ng'ambo ya mto. Mwenyekiti aliruka juu mara tatu. Mshambuliaji wao hatapita! Kinachomzuia kiko kwetu, ni mabeki, ni Ukuta! Wakakumbatiana, mmoja akalia machozi ya kweli. Mlinzi hakuinuka. Alibaki amechuchumaa akinitazama mimi, si wao, na mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu.

"Mzee," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "na mtihani wangu wa mwisho, haumo humo? Hebu angalia karibu na ini." Walicheka, hata waliokuwa wanaamini walicheka. Mlinzi akanawa mikono.

Nilipokuwa narudi ofisini akanifuata mpaka kwenye ngazi. "Mwanangu," akasema taratibu, "ile njia si ya Kapenguria. Hao wageni watafika. Ni njia ya upande huu." Akaonyesha kwa kidevu upande wa Kakuma. "Bado leo kuna gari."

"Mzee, mimi nimesoma," nikamwambia. "Nenda kawasomee hao."

Akasema, "Haya," akarudi langoni. Nami nikaingia ndani, nikakaa chini ya feni, nikaanza kuandika kwenye daftari yale yote niliyoyaona, yule mlia machozi, kofia, utumbo, nikitabasamu peke yangu. Faili la buluu lilikuwa chini ya kiwiko changu. Ungeniuliza saa ile barua ya kipa iko wapi, ningekuapia imeshakwenda.

Jumamosi wageni walifika kabla ya saa tano. Mashabiki wetu walikuwa wamejipanga lango zima kwa vita, wamejipaka majivu, na boda boda kadhaa zinaunguruma. Basi likafunguliwa, wakashuka vijana wamelegea kwa joto, wakauliza kama kuna kivuli na maji. Walikuwa wametuletea magunia mawili ya kabichi kama zawadi. Mwenyekiti, aliyeandaa hotuba ya ng'ombe, ilibidi asaidie kubeba kabichi mpaka jikoni, unyoya unamwingia machoni. Nilicheka sana. Naeleza ukweli mtupu, nilicheka mpaka mwalimu wa michezo aliponishika bega na kuuliza kipa yuko wapi.

Nikatoa simu. Ilikuwa na jumbe zake kumi na moja. Nikampigia.

"Dada," akasema. Nilisikia upepo. "Wamenishusha kwenye kizuizi cha polisi. Nilijaribu tu kupita hivyo hivyo. Hawana makosa, sina karatasi. Nawaonyesha glavu, wanasema glavu si kibali."

"Uko wapi?"

"Njiani. Naambiwa nirudi Kakuma." Kisha akauliza kile alichokuwa akiuliza wiki nzima, bila hasira hata kidogo. "Barua ilipanda gari gani, dada? Niliulizia magari yote."

Nikamwambia mtandao unakatika. Nikakata simu. Nikaenda ofisini nikafungua faili la buluu, na barua ilikuwa pale, imenyooka, muhuri haujafifia hata kidogo. Mwalimu akasimama mlangoni. Nikafunga faili. "Hapatikani," nikasema.

Golini wakamweka kijana wa upishi. Tukafungwa manne, mawili kabla mashabiki hawajamaliza wimbo wa kwanza, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa ule wa Ukuta. Baada ya la tatu walikaa chini kimya. Baada ya la nne walianza kutafuta wa kumla, na hawakutafuta mbali. Mwenyekiti ndiye aliyesema kwanza: "Huyo ameuza mechi. Mwaka jana alifungua miguu, mwaka huu hakuja kabisa. Ni mpango!" Kabla ya jua kuzama wote walikuwa na hakika. Mmoja alikuwa ameambiwa na mtu aliyemwona kipa na watu wa Kapenguria. Mwingine alijua hata walikutania wapi. Na wakachukua lile shuka la KABURINI, wakaligeuza, wakaandika jina la zamani upande wa nyuma, wakalitundika ukutani kantini.

Nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa na chai. Ningesimama, nikasema maneno manne, barua nilikuwa nayo mimi, yangekwisha. Wangenila, ndiyo, lakini mimi si wa kuliwa na watu kama wale. Mwezi mzima niliwasema wazi kwamba hawana akili. Niliogopa watu niliowadharau. Sijui kama kuna woga ulio chini ya huo.

Jumatatu barua ilipanda gari la Kakuma, na katikati ya wiki kipa akarudi kumalizia masomo. Aliona shuka. Aliniona na mimi chini yake. Akanisalimu, "Ejok, dada," akachukua sahani yake akaenda kula nje. Hakuniuliza chochote, siku hiyo wala nyingine, na hakusimama tena golini. Glavu alimpa mlinzi. Mpaka sasa ninapofanya kazi hapa Lodwar, nikiingia kwenye kibanda cha chai nawasikia watu wazima, wenye wake na watoto, wakieleza habari za kipa wa Kakuma aliyeuza mechi. Mwenyekiti siku hizi ana karakana yake mwenyewe na anaieleza vizuri kuliko wote. Huwa namalizia chai yangu, naondoka.

Lakini niliyotaka kueleza ni ya mlinzi. Siku ile aliyorudi kipa nilikwenda langoni jioni. Niliona angalau nimpe haki yake. "Mzee," nikasema, "nilikucheka, na mbuzi wako alisema kweli."

Akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka. "Mbuzi gani? Utumbo wa yule mbuzi ulikuwa safi kabisa. Haukuwa na kitu."

"Sasa uliona wapi?"

"Kijana alinipigia simu Jumatano. Akasema karatasi iko kwa dada, dada ana kazi nyingi, labda nikukumbushe. Akasema nisikuaibishe." Akajifunga koti vizuri. "Ningekutaja mbele ya wale? Wangekurarua. Na wewe ukiambiwa pembeni husikii, mwanangu, unacheka tu. Nikaona mbuzi ndiye atasema."

Huko kantini walikuwa wameanza tena kumwimbia Mlango Wazi, tuliwasikia wote wawili.

"Wanasema ameuza," mlinzi akasema. "Utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Kesho," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akaenda kufungua lango, maana gari la mkuu wa chuo lilikuwa linapiga honi.